Barabara Isiyo na Steji

Kila video ya Nairobi siku hizi inaanza na Expressway. Droni inapaa jioni, taa za magari zinatiririka, KICC inatokea kwa nyuma, halafu jina la msanii au la kampuni ya kuuza ploti linaingia na muziki. Nimezitazama nyingi sana, nyingine kwa sababu nililipwa kuziandikia maelezo, na kuna kitu nimekitafuta ndani yake bila kukipata. Mtu. Magari yapo, mwanga upo, hata mawingu ya kupakwa rangi yapo. Mguu wa binadamu ukikanyaga chini, hakuna.

Huku kwetu tunahakiki riwaya, albamu, filamu, hata menyu za mikahawa ya Kilimani. Barabara tunawaachia mainjinia na wanasiasa. Lakini Expressway imesomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote kilichotoka Kenya katika muda huo. Ina kilomita 27.1, kutoka Mlolongo hadi James Gichuru pale Westlands. Iligharimu takriban shilingi bilioni 88. Iliandikwa na China Road and Bridge Corporation kwa mkataba na mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Magari yaliruhusiwa kwa majaribio Mei 14, 2022, kisha Rais Uhuru Kenyatta akaizindua rasmi Julai 31, siku tisa kabla ya kura. Kazi kubwa namna hiyo ikitua katikati ya mji, lazima mtu akae aisome toka mwanzo hadi mwisho aseme ameona nini.

Wacha nianze na sifa, kwa sababu zipo. Mara ya kwanza kupanda huko juu nilikuwa nampeleka binamu yangu airport, alfajiri, kwa gari la kukodi. Tuliingia Westlands. Tukapita juu ya Museum Hill, juu ya chuo, juu ya Uhuru Park, juu ya raundabauti ya Haile Selassie ambayo imekula saa nzima za maisha yangu bila kuzirudisha. Kabla binamu hajamaliza kumtumia shangazi ujumbe kwamba tumetoka nyumbani, tulikuwa tunalipa ushuru JKIA. Ilikuwa raha, sitadanganya. Nairobi ukiitazama ukiwa juu inakaa kama mji uliopangwa. Mabati ya Industrial Area yanang'aa, mbuga iko pale upande wa pili, na jam iko chini yako, ya watu wengine.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo Expressway inasimulia, na inaisimulia vizuri. Msimulizi wake ni mtu anayetoka nyumbani Westlands kwenda airport, au anayetoka airport kwenda mkutanoni. Mji wote uliobaki ni mandhari. Na kama riwaya yoyote yenye msimulizi mmoja, swali la kuuliza ni nani amenyimwa sauti ili huyu mmoja asikike hivyo.

Jibu langu liko kwenye neno moja ambalo barabara hii haina. Steji.

Mtu wa Nairobi hajui mji wake kwa ramani. Anaujua kwa steji. Ukiniuliza Mombasa Road inakaaje, nitakuhesabia: Bunyala, Nyayo, Capital Centre, Bellevue, GM, Imara, Cabanas, nikifika huko nishapumua. Na ukizisikiliza vizuri utasikia kwamba steji ni maktaba. Bellevue palikuwa na sinema ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, na mtu aliyezaliwa baada ya sinema hiyo kufa bado anamwambia makanga, "Nishukishe Bellevue." GM ni General Motors, kampuni iliyobadilisha jina ikawa Isuzu mwaka 2017, lakini hakuna makanga anayeita steji hiyo Isuzu. Kule Outering, jumba la Taj Mall lilibomolewa Septemba 2018 mpaka kifusi kikabebwa, na bado watu wanashuka Taj. Serikali inaweza kubomoa jengo. Kubomoa steji ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu inaishi mdomoni.

Steji pia ni soko. Mahali popote matatu inaposimama sekunde kumi, kuna mtu wa smokie, mtu wa mayai, mama wa mahindi ya kuchoma, kijana wa kava za simu, na mzee wa magazeti ambaye hauzi magazeti tena ila bado yupo. Uchumi wa hao watu wote umejengwa juu ya jambo moja dogo, kwamba gari husimama. Gari lisiposimama hakuna biashara. Mainjinia wanauita huu usimamaji kikwazo cha mwendo. Kwa maoni yangu, mji ni huo usimamaji.

Na Nairobi yenyewe ilianza kama steji. Reli ilifika hapa Mei 1899, wajenzi wakatua kupanga vifaa kabla ya kupanda kuelekea bondeni, na mji ukamea pale walipotua. Ukanda huu ambao leo tunauita Uhuru Highway uliwahi kuwa njia ya reli hiyo kabla haijahamishwa. Baadaye ukawa barabara pana yenye jina la Princess Elizabeth, kipindi ambacho wapangaji waliuandikia mji kitabu kizima, mwaka 1948, na kukiita mpango wa mji mkuu wa koloni. Uhuru ulipokuja jina likabadilishwa. Yaani toka mwanzo kipande hiki cha ardhi kimekuwa cha mtu anayepita, na kila kizazi kimempisha. Tofauti ni kwamba treni ilisimama. Uhuru Highway nayo, pamoja na maudhi yake yote, ilikuwa na raundabauti, na kwenye raundabauti tajiri na mkokoteni walisubiri kwa usawa, wakitazamana kupitia kioo. Sasa mmoja wao ameondolewa kwenye picha kwa kunyanyuliwa juu ya nguzo.

Nilipoacha chuo, mwaka wa tatu, kuna miezi nilikuwa natembea kutoka tao hadi South B jioni kwa sababu fare ilikuwa imegeuka kuwa chakula. Sikuwa peke yangu. Saa kumi na mbili Nairobi hutembea. Ukisimama karibu na Bunyala utaona mto wa watu, wengi wametoka mjengo au Industrial Area, viatu vya kazi kwenye mfuko wa karatasi. Wakati huo nguzo zilikuwa zinapanda. Njia ya miguu ilikuwa ikihama kila wiki: leo unapita kushoto ya mabati, kesho kulia, keshokutwa hakuna njia, unapita barabarani na trela linakupulizia honi. Hakuna aliyekuwa amewapangia watembeaji chochote, na hilo halikumshangaza mtu. Ndiyo maana naona uchungu nikikumbuka kwamba mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilikuwa imepitisha sera nzuri kabisa, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Isome siku moja. Inasomeka kama hadithi ya kisayansi.

Kuna Ndovu pia. Wale wenzangu mnaokumbuka, tuliahidiwa mabasi ya kasi, njia tano, kila moja na jina la mnyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Mwaka 2018 walichora mstari mwekundu Thika Road tukaambiwa hiyo ndiyo njia ya basi, tukacheka mpaka mstari ukafifia. Ndovu ndiyo iliyokuwa ipite korido hii hii, itoke upande wa Waiyaki Way, ikate katikati ya tao, ishike Mombasa Road. Basi moja la kasi lingebeba watu ambao Expressway ingehitaji magari mengi kuwabeba, na lingekuwa na steji. Leo katikati ya barabara kuna nguzo. Ndovu bado haijaonekana. Sisemi mmoja alimuua mwingine. Nasema pesa, nafasi na haraka vilipatikana kwa mmoja.

Hapa ndipo mtu huniambia, "Lakini hakuna aliyelazimishwa kupanda. Anayelipa apande, asiyelipa abaki chini, chini pamepungua magari." Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu na sio ya kijinga. Shida yake ni kudhani kwamba chini pamebaki vile palivyokuwa. Chini pamekuwa chini ya kitu. Kuna sehemu za Uhuru Highway ambapo mchana unatembea kwenye kivuli cha zege, mvua ikinyesha maji yanaporomoka kutoka juu yakutafute, na mngurumo unakaa hapo kichwani kama jirani mwenye redio. Uhuru Park iko upande mmoja, tao upande mwingine, na kati yao sasa kuna dari. Jiji lilikuwa na uwanja mmoja ambapo mtu asiye na kitu angeweza kulala kwenye nyasi akitazama majengo. Bado unaweza kulala. Majengo utayaona yakiwa yamekatwa kiunoni.

Tena hiyo bustani iliponea. Mwaka 2019, mipango ilipoonyesha kwamba barabara ingemega kipande chake, watu walipiga kelele na serikali ikasema haitaguswa. Kelele hizo zilikuwa na mama yao: mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama peke yake hapo hapo kupinga jumba la ghorofa 60, akatukanwa bungeni, na jumba halikujengwa. Mwaka uliofuata kelele za 2019, zamu ikawa ya mugumo wa Waiyaki Way, mti mkubwa wa karibu karne moja, uliopangiwa kung'olewa. Watu wakaupigia picha, wakaukumbatia, na Novemba 2020 likatoka tamko la rais kwamba mti usiguswe. Barabara ikapinda kidogo. Nilifurahi kama kila mtu, na mti bado napita kuusalimia.

Halafu ikaja 2021. Kati ya Oktoba na Novemba matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua nafasi ya barabara ya kuunganisha Expressway na makazi na viwanda vya upande huo. Watetezi wa haki za binadamu walihesabu zaidi ya watu 40,000 walioachwa bila nyumba. Mvua za Novemba ziliwakuta kwenye mahema ya nailoni, juu ya vifusi vya nyumba zao. Hakuna tamko lililotoka mapema la kuifanya barabara ipinde. Barabara hiyo inaitwa Catherine Ndereba, kwa heshima ya mwanariadha aliyeshinda marathoni ya Boston mara nne.

Nimeyaweka haya mawili jirani makusudi, na najua mtu atasema nalinganisha mti na watu ili nipate machozi ya bure. Ninacholinganisha ni nani anaweza kuifanya barabara ipinde. Mugumo ulikuwa Westlands, mahali ambapo watu wenye kamera hupita. Nyumba za Mukuru zilikuwa nyuma ya viwanda, na hakuna droni ya muziki iliyokuwa ikirukia upande huo. Barabara inayotazamwa kutoka juu inajua mapema ni vitu gani vitaonekana.

Tuje kwa lugha ya mkataba, ambayo ndiyo sarufi ya kazi hii. Kampuni ya kuiendesha itakusanya ushuru kwa miaka 27. Ilipofunguliwa, gari dogo lililipa kati ya shilingi 120 na 360 kulingana na umbali. Kuanzia Januari 2024 ikawa kati ya 170 na 500. Sababu iliyotolewa ilikuwa shilingi kuanguka dhidi ya dola. Soma sentensi hiyo polepole. Barabara iko Nairobi, imesimama juu ya udongo wa Nairobi, inabeba watu wa Nairobi, na bei yake inafuata dola. Mtoto aliyezaliwa wiki ya uzinduzi atakuwa amemaliza shule, ametafuta kazi na labda ameoa kabla mkataba haujaisha, na yeye hakuwa kwenye chumba ulipotiwa sahihi. Sisi pia hatukuwa.

Kuhusu wasomaji wa kazi hii, kuna majibu mawili yaliyonifurahisha na kunitisha. La kwanza ni marathoni. Mei 8, 2022, siku chache kabla ya magari, Nairobi City Marathon ilikimbiwa juu ya Expressway. Boda hairuhusiwi kule, baiskeli hairuhusiwi, mtembeaji hata asijaribu. Kumbe ukijisajili, ukapewa namba ya kifuani, unaruhusiwa kugusa lami kwa miguu yako, asubuhi moja. Rafiki yangu alikimbia kilomita kumi. Aliniambia kitu cha ajabu zaidi kilikuwa ukimya, na kwamba wakimbiaji wengi walisimama ukingoni kupiga picha ya chini. Waliweka steji.

Jibu la pili lilikuja Julai 12, 2023, siku ya maandamano, pale Mlolongo. Umati ulivamia kituo cha kulipia ushuru, ukang'oa vyuma vya ukingo na vyungu vya maua. Serikali ilisema hasara ilikaribia shilingi milioni 700. Siku hiyo watu walikufa pia kwenye maandamano, na sitaki kugeuza hasira yao kuwa insha. Ila nilitazama video zile mara nyingi. Hakuna aliyekuwa akiiba chochote cha maana. Watu walikuwa wakibeba vyungu vya maua. Walikuwa wamepanda juu ya kitu wasichoruhusiwa kupanda kwa miguu, na wengine, baada ya kung'oa walichong'oa, walisimama tu huko wakitazama.

Fasihi yetu ilishawahi kuona haya. Meja Mwangi aliandika Going Down River Road mwaka 1976, riwaya ya vibarua wanaojenga jumba refu liitwalo Development House katikati ya Nairobi, huku jioni wakirudi kwenye vibanda ambavyo vinaweza kubomolewa wakati wowote. Jumba linapanda ghorofa baada ya ghorofa na wao wanabaki pale pale. Kila nikipita chini ya nguzo za Nyayo namfikiria Ben na mwenzake Ocholla. Mwangi alikuwa na faida moja: katika jengo, angalau kibarua alifika ghorofa ya mwisho wakati wa ujenzi akaona mji. Kwenye Expressway vibarua waliona hivyo hivyo, kisha wakashuka, na ngazi zikaondolewa.

Wapenzi wa mipango ya miji huniambia nisubiri, kwamba barabara za namna hii hubomolewa hatimaye. San Francisco walikuwa na Embarcadero, ghorofa mbili za zege zilizoziba ufuo wa mji, tetemeko la 1989 likaivunja, nao badala ya kuijenga upya wakaibomoa. Seoul mwaka 2003 walianza kung'oa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon, na 2005 watu wakawa wanaloweka miguu mtoni. Picha ni nzuri. Lakini wanaozisambaza husahau kwamba Seoul walikuwa na treni za chini ya ardhi, na mwaka 2004, katikati ya kazi hiyo, walipanga upya mabasi ya mji mzima. Walibomoa wakiwa na kitu cha kupanda. Sisi tukibomoa kesho tutarudi kwenye raundabauti ya Haile Selassie ya 2018, na mkataba bado utataka kulipwa. Kwa hiyo sina wimbo wa kubomoa. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana: hiyo barabara ya chini itengenezwe kana kwamba ndiyo barabara, ipewe njia ya basi iliyoahidiwa, mahali pa kuvukia pasipohitaji mtu kupanda ngazi arobaini na mtoto mgongoni, na steji zenye paa.

Kwa sasa mji unajitafutia dawa wenyewe. Jioni kuna matatu zinazopanda juu, za Mlolongo na Kitengela, na makanga wameunda msamiati wake. Wiki iliyopita nilikuwa mlangoni mwa moja, pale tao, nikingoja ijae. Makanga alikuwa akiita, "Juu! Juu hii! Haigusi jam!" Mama mmoja na furushi la mitumba akaingia, akakaa, akapanga furushi miguuni vizuri.

"Nishukishe GM, kijana."

"Mathe, hii ni ya juu. Haisimami GM."

"Si inapita GM?"

"Inapita juu yake."

Mama akamwangalia muda kidogo, kama mtu anayehesabu. Akauliza ya chini iko wapi. Makanga akaonyesha kwa kidole upande wa pili wa barabara, na yeye mwenyewe akamshikia furushi mpaka wakavuka.